Banda Lenye Matendegu

"Basi hujasikia?" Mejumaa alisema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshakaa kizingitini, buibui kalikusanya mapajani kama mtu asiyekusudia kuondoka upesi. "Bimdogo amewalaza kuku kitandani mwa marehemu."

Fadhiya alikuwa akichambua mbaazi, mwanawe Swafia kamlalia pajani. Aliinua uso.

"Wallahi nimeona kwa macho yangu. Napita pale kwenye karakana ya mzee, ule ubao mmoja wa dirisha haufungi sawasawa, nikachungulia kidogo tu..."

"Ukachungulia."

"Kidogo tu, nimekwambia! Nikaona matendegu. Miguu ya kitanda, bibi wee, ile ya kuchongwa, ya kizamani, yenye pete nyekundu na nyeusi. Na juu yake kuku! Wamejipanga kama wageni wa harusi, na yule jogoo wake Sultani mbele kama bwana harusi mwenyewe." Mejumaa alishusha sauti. "Eda haijesha, Fadhiya. Kaburi la mume halijashika hata nyasi, na mke awapa kuku kitanda chake. Mimi sisemi ni wazimu. Mimi nasema nilivyoona."

Mejumaa hakuwa mtu mbaya. Ila habari ikimlalia tumboni bila kutoka humvimbisha, na hiyo ya asubuhi ile ilikuwa kubwa. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akamfinya Swafia shavu, akatoka. Haukupita muda Fadhiya akamsikia mlango wa pili: "Basi hujasikia?"

Fadhiya aliiacha mikono yake ndani ya sinia la mbaazi. Kesho yake ndiyo siku ambayo afisa wa afya alisema atarudi. Akikuta kuku wa Bimdogo bado wanazurura kichochoroni, atawachukua. Hilo mtaa mzima walilijua. Lakini Fadhiya alikuwa na lake jingine juu ya nyumba ile, ambalo hakumwambia mtu, na tangu mzee afe lilikuwa likimwelemea kama mtungi uliojaa.

*

Bimdogo ni mzaliwa wa Mji wa Kale, kichochoro cha pili kutoka hapo. Feri aliipanda akienda Likoni kumtazama dadake, na dadake alipofariki hakuwa na la kumvusha tena. Wanawake wenzake waliingia kwa waume zao na masanduku. Yeye aliingia na sanduku moja na tenga la kuku. Mumewe, fundi Abdulhalim, mchonga milango na vitanda vya samadari, alilipokea tenga lile kwa mikono miwili mbele ya watu, na watu wakacheka.

Watoto Mungu hakuwajaalia. Kuku wakawa wanazaliana, wanakufa kwa kideri, wanazaliana tena. Bimdogo aliwapa majina. Palikuwa na koo mwekundu aitwaye Kashata, na mwingine mwenye shingo tupu aitwaye Bi Mkubwa, kwa sababu Bimdogo alisema lazima nyumba iwe na mkubwa wake. Asubuhi akifungua mlango, nao hutoka kwa foleni na kushika njia. Walipita chini ya tuk-tuk zilizoegeshwa, chini ya benchi la muuza kahawa, wakapanda baraza za watu, wakaingia mpaka duka la vitambaa la Khursheed, mama wa Kihindi wa mlango wa mbele.

"Kuku wangu wana adabu," Bimdogo akipenda kusema. "Kichochoro kizima hiki hapana mtu aliyewahi kunambia neno."

Na kweli hapakuwa na mtu. Kwa watu wa pale, kumwambia mama wa makamo yake kwamba kuku wako amechafua baraza langu ni kumvunjia heshima. Mtu aliyeudhika alikuwa akitoka mlangoni, akitazama chini pale alipokanyaga, akitazama juu, kisha akisema kwa sauti ya upole: "Bimdogo, kuku wako mashallah wamenenepa." Naye Bimdogo, nyuma ya dirisha lake, akiitika: "Ahsante, mwanangu. Mungu awabariki."

Alikuwa mtu wa kutoa. Mgonjwa hupelekewa mayai. Mzazi hupelekewa kuku wa supu. Fadhiya alipojifungua Swafia, mamake yuko mbali Faza, mumewe Khubaib yuko kwenye tuk-tuk kutwa, Bimdogo ndiye aliyempandia ngazi na sufuria la supu ya pilipili manga. Baadaye Fadhiya alikuja kujua kwamba kuku yule alikuwa koo anayetaga, si jogoo wala tembe. Mtu hachinji koo anayetaga. Hakulisahau hilo.

Jambo moja tu Bimdogo alikuwa halitaki, nalo ni banda. Mumewe alikuwa akimwambia, kwa maneno ya kuzunguka: "Mke wangu, hivi nikikutengezea banda dogo, zuri, pale uani?"

"Kuku wangu wameiba nini hata wafungwe?" Bimdogo akijibu. "Uletapo banda humu ndani, mimi natoka."

Yeye akicheka, na mzee akicheka, na mambo yakaisha hapo. Bimdogo alikuwa akisimulia mwenyewe kisa hicho kwenye maulidi na harusi, namna alivyomshinda mumewe, na wanawake wakimpigia vigelegele.

Lakini Fadhiya alikuwa na dirisha la juu, na alikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Alfajiri, kabla ya adhana, akikaa dirishani na Swafia, alikuwa akimwona fundi Abdulhalim anatoka kwa mlango wa karakana na ndoo na ufagio wa chelewa. Mzee alianzia kwenye ngazi za msikiti. Alifagia, akamwaga maji, akasugua. Akaja baraza kwa baraza, akiinama pole pole, mkono mmoja kiunoni. Kwa Khursheed alikuwa akikaa zaidi, maana kuku walipenda kulala juu ya marobota yaliyoachwa nje. Akimaliza hurudi ndani, akatawadha, akatoka tena kwa kanzu safi kwenda kusali kama mtu aliyeamka sasa hivi.

Mara ya kwanza kumwona Fadhiya pale juu, mzee alisimama na ufagio wake. Akaweka kidole mdomoni. Halafu akacheka, meno hana, mabega yakamtikisika.

Siku ile ile walikutana chini ya ngazi za Fadhiya. "Mwanangu," akamwambia, "kuna kitu umekiona?"

"Sikuona kitu, ami."

"Mungu akulelee mwanao. Unajua, Bimdogo ana furaha moja duniani, na furaha yenyewe ina miguu miwili na inakunya ovyo. Sasa mimi nimnyang'anye? Mimi nafagia tu."

Na hakuwa akifagia tu. Fadhiya alimwona mara nyingine amesimama mlangoni kwa mtu, mkono kifuani, akiomba radhi kwa jambo ambalo mkewe hakujua kwamba ni kosa.

*

Fundi Abdulhalim alifia karakanani, baada ya Laasiri, patasi mkononi. Walimzika siku ile ile, na Bimdogo akaingia eda. Kama ilivyo desturi, mjane akawa wa ndani ya nyumba: hapaki wanja, hajifukizi udi, hatoki mlangoni, na mwanamume asiye wa kwao haonani naye. Wanawake waliingia na kutoka na vyakula. Asubuhi, nyuma ya pazia, mkono wa Bimdogo ulikuwa ukifungua komeo na kuwaachia kuku njia, kama siku zote.

Ila siku zote zilikuwa na mtu mwenye ndoo.

Mwanzo watu walisema ni msiba, tuvumilie. Kisha mzee mmoja akateleza kwenye ngazi za msikiti akaumia nyonga. Khursheed akatupa robota la vitambaa, halioshiki. Watu wakaanza kuruka ruka njiani wakishika pindo za kanzu. Bado hakuna aliyekwenda kumwambia Bimdogo. Ni nani aliyekwenda kwa watu wa afya? Mpaka leo haijulikani, na kila mmoja huapa si yeye.

Aliyekuja alikuwa Ogutu, afisa wa afya, mtu wa bara aliyekaa Mombasa hata akajua kupiga hodi na kugeuza uso mlango unapofunguliwa. Kwa kuwa Bimdogo hasemi na wanaume wageni edani, aliitwa Fadhiya awe baina yao. Bimdogo akakaa nyuma ya pazia. Ogutu akasimama nje barazani. Fadhiya akawa mlangoni na mtoto kiunoni.

"Mwambie mama pole kwa msiba," akasema Ogutu.

"Mwambie tumeshapoa," likajibu pazia. "Muulize, kuku wangu wamemfanya nini?"

Ogutu alifungua mdomo ajibu, maana alishasikia. Akakumbuka, akaufunga, akamtazama Fadhiya.

"Auliza kuku wake wamekufanya nini."

"Mimi hawajanifanya kitu. Mwambie sheria haimkatazi mtu kufuga kuku wachache nyumbani. Inakataza kuwaachilia njiani, na inakataza uchafu wao kuwaudhi majirani. Wakae ndani ya banda, banda lisafishwe, lisigusane na jiko la mtu. Basi, hakuna zaidi."

"Muulize ni nani aliyeudhika."

"Hilo siwezi kusema, mama," Ogutu akajibu, akasahau kumpitia Fadhiya.

"Mwambie!" Pazia likatikisika. "Mwambie nimefuga kuku hapa tangu ni mwari, hapana mtu aliyeudhika! Leo mume wangu kafa, wote wameudhika! Hata udongo haujakauka!"

Hapo hapakuwa na haja ya mpeleka maneno. Ogutu alitazama viatu vyake. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia Fadhiya kwamba atarudi wiki inayofuata, na kwamba akiwakuta kuku bado wako nje itambidi awachukue. Asingependa, akasema.

Tangu siku ile Bimdogo aligeuka. Aliona kwamba watu walimstahi kwa ajili ya mumewe tu, na mume alipoondoka wakatoa makucha. Khursheed alipomletea sahani ya sambusa, Bimdogo alirudisha sahani vile vile, na sambusa zake ndani, na kifuniko chake juu. Katika kichochoro kile sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mtu hutia hata ndimu mbili. Kuirudisha na chakula chake mwenyewe ni kumwambia mtu sikutaki.

Khursheed alimshika Fadhiya mkono dukani, macho yamemwiva. "Mimi sikwenda kushitaki, dada. Haki ya Mungu. Lakini yule afisa aliponiuliza, sikuweza kusema uongo. Mzee alikuwa anasafisha mlango wangu kila siku. Mimi namwambia, acha, mzee, kijana wangu atafanya. Anasema, usimwambie Bimdogo tu. Sasa kaondoka. Nani atamwambia?"

Kumbe wote walijua. Kila mlango uliwekewa amana ile ile, na kila mlango uliitunza. Fadhiya alirudi kwake na swali la Khursheed. Nani atamwambia? Maiti kamwekea siri, ataifichua? Tena amfichulie mjane aliye edani, hana pa kwenda, hana ila kuta za kutazama? Akaona anyamaze. Na kila alipopeleka sahani kule akasikia Bimdogo akiwatukana majirani mmoja mmoja, alishika njia akarudi kwake.

*

Basi siku ile Mejumaa alipotoka, Fadhiya hakumaliza mbaazi. Alimfunga Swafia mgongoni kwa leso, akavuka kichochoro. Njia ilikuwa nyeupe, imekauka. Hapakuwa na kuku hata mmoja.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita." Bimdogo alikuwa amekaa ukumbini, amejifunga leso zilizofuliwa hata rangi zimekimbia. Uso ulikuwa umemshuka. "Mejumaa kakutuma?"

"Hapana, mama."

"Lakini kashapita kwako."

"Kapita."

"Kasemaje? Ni wazimu au ni pepo?"

"Kasema yeye hasemi ni wazimu."

Bimdogo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kicheko chenyewe kilikatika katikati kama uzi mbovu. "Njoo," akasema. "Njoo uone kitanda nilichowalaza."

Karakana ilikuwa upande wa chini wa nyumba, ina mlango wa ndani na mlango wa njiani. Bado ilinuka mvule na gundi. Maranda yalifika kwenye vifundo vya miguu. Na katikati, juu ya miguu minne ya samadari, kulikuwa na banda.

Fadhiya alisimama pale pale. Katika Mji wa Kale alikuwa ameona milango ya majumba makubwa, lakini hakuwahi kuona kazi ile ikifanyiwa kuku. Fito za ubavuni zilikuwa za mvule, zimepigwa randa hata kuku asijikwaruze. Chini palikuwa na droo ya kuvutwa, ya kukingia uchafu. Na kimlango, cha upana wa viganja viwili, kilichongwa mnyororo ukingoni na waridi katikati, kama mlango wa mtu mwenye jina. Mbao hazikuwa za umri mmoja. Nyingine zilishakuwa nyeusi, nyingine bado njano. Ilikuwa kazi ya kuokoteza, ya mabaki ya kazi za watu, ya muda mrefu. Ndani, Kashata alikuwa amelala. Sultani alikuwa juu ya paa la banda, pembeni, akimtazama Fadhiya kwa jicho moja.

"Yule afisa alipoondoka," Bimdogo akasema, "nikasema sitawapa furaha ya kuniona nabeba kuku zangu kwa magunia. Nitawafungia mahali. Na mahali ni hapa tu, hapana pengine. Tangu wamtoe sikuwa nimepafungua. Nikaogopa siku nyingi. Jana nikafungua. Kulikuwa na turubai huko nyuma ya mbao, nikadhani limefunika sanduku la mteja, nikasema mwenyewe aje alichukue. Nikalifunua, kumbe ni hili." Aligusa tendegu kwa kidole. "Hiki ni kitanda chetu cha harusi. Kilivunjika ubavu, nikamwambia kitupe, chanichania leso. Nikadhani kakitupa."

"Ulimwambia ukiona banda utatoka," Fadhiya akasema taratibu.

"Nilimwambia. Nikacheka. Nikawasimulia watu." Bimdogo akakaa juu ya kigogo cha kufanyia kazi. "Kalitengeza, kalificha. Mtu mzima, fundi wa watu, aficha banda kama mtoto aficha chungu alichovunja. Aliniogopa, Fadhiya. Na unajua kuku wamefanyaje? Nimefungua kile kimlango, sijawafukuza, sijawaita. Sultani akaingia mbele, wengine wakafuata. Jela gani hiyo wanayoikimbilia?"

Swafia alikuwa akihangaika mgongoni, anataka kuku. Fadhiya alimshusha, akamkalisha kwenye maranda, akapata sababu ya kuinamisha uso.

"Na hivi je?" Bimdogo alisema.

Alikuwa ameshika ndoo ya bati na ufagio. Ufagio wenyewe ulikuwa umekwisha, chelewa zimekuwa fupi kama mswaki.

"Ndoo si yangu. Ufagio si wangu. Nimevikuta nyuma ya mlango wa njiani. Na hii karakana, wewe waiona, mwenyewe hakuwahi kuifagia hata siku moja, tuligombana mpaka nikachoka. Sasa ufagio huu umekwishia wapi?"

Fadhiya alimpangusa mtoto mdomo, ambao haukuwa na kitu.

"Wewe dirisha lako liko juu ya njia," Bimdogo akasema. Sauti yake haikuwa ya kushuku. Ilikuwa ya kuomba. "Nambie, mwanangu."

Akamwambia. Hakuwa na maneno ya kupamba, akasema kama alivyoona: ngazi za msikiti, baraza, maji, mkono kiunoni, kidole mdomoni. Alipofika kwenye furaha yenye miguu miwili, Bimdogo alifumba macho.

"Kwa Khursheed pia?"

"Kwa Khursheed ndiko alikokuwa akikaa sana."

"Naye akijua."

"Wote wakijua, mama."

"Na wewe."

"Na mimi."

Fadhiya alingoja matusi. Aliona afadhali atukanwe. Lakini Bimdogo alikuwa akitazama kuku wake, midomo inamcheza, kama mtu anayetafuta neno alilolisikia zamani.

"Kuku wako mashallah wamenenepa," akasema polepole. "Miaka yote waniambia, Bimdogo, kuku wako mashallah wamenenepa. Na mimi naitika. Nasema ahsante."

Machozi yalimtoka hapo. Hakuyafuta. Yalimshuka mpaka kidevuni, na Swafia, aliyekuwa akimtazama kutoka chini, naye akaanza kulia.

*

Ogutu alikuja kesho yake, akaingizwa kwa mlango wa njiani, Bimdogo yuko upande wa pili wa pazia. Aliinama mbele ya banda. Akafungua kimlango, akakifunga, akakifungua tena. Akavuta droo. Ilitoka bila kelele.

"Hili ni banda au ni kasri?" akasema. "Mwambie mama kuku hawa wakae humu, droo ioshwe kila siku, mimi sina neno. Na mwambie fundi wake amefanya kazi ya ajabu. Afisi yetu yote haina mlango mzuri kama huu."

"Mwambie fundi alimaliza zamani," Bimdogo akasema. "Aliyechelewa ni mimi."

Fadhiya hakuyarudia. Ogutu alikuwa amesikia. Aliitikia kwa kichwa akielekea pazia, akatoka kwa heshima.

Alasiri ile Bimdogo alipanga mayai kwenye sahani yake mwenyewe, akaifunika kwa kitambaa cha mkono wake, akamtuma Fadhiya ng'ambo. Khursheed aliipokea kwa mikono miwili. Aliingia ndani, akarudi na sahani, imeoshwa, ina sambusa juu yake, za moto, na safari hii Bimdogo alikula moja mbele ya Fadhiya, akatafuna muda mrefu.

Kichochoro kikawa safi. Mejumaa alipita kutwa akiwaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni matendegu tu, hakusema kitanda. Jogoo alikuwa akiwika ndani ya karakana, sauti imefunikwa, na watu wa msikitini walikanyaga ngazi bila kutazama chini. Fadhiya, dirishani kwake alfajiri, alitazama njia tupu. Hakukuwa na la kufagiwa. Hilo lilimuuma kuliko uchafu wote.

Jioni moja alipokwenda kuchukua sahani, Bimdogo alikuwa ukumbini, ndoo ya bati iko miguuni pake. Alikuwa ameisugua hata ikang'aa.

"Nataka kwenda kuwaomba radhi," alisema. "Wote. Na siwezi kutuma mtu, hata wewe. Yeye alikwenda kwa miguu yake."

"Eda ikisha utakwenda, mama."

"Ndilo nataka kukwambia. Siku yangu ya kutoka watakuja wanawake. Wataniosha, watanivisha, watanifukiza udi, kutakuwa na kelele. Wewe njoo kabla yao. Njoo alfajiri, wakati ule wako wa dirishani, na mtoto ukitaka mlete." Alinyosha mkono, akamshika Fadhiya kifundo cha mkono. "Mimi sikumwona. Wewe ulimwona. Unianzishe pale alipokuwa akianzia, kwenye ngazi za msikiti, unipitishe mlango kwa mlango mpaka pale alipokuwa akimalizia. Aliposimama, nisimamishe. Alipoinama, nambie niiname. Usiniharakishe. Na ndoo usinipokee, mwanangu. Ndoo nitaibeba mwenyewe."